Dada Fundi Anajibu: Pedi, fimbo na gemu ya ngumi ya vijana wa Kasulu

Kwa anayefungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: nina kibanda cha gemu hapa Mwanga, Kigoma, na nyuma ya kibanda nina meza ya ufundi. Asubuhi natengeneza pedi, yaani vile vifaa vya mkononi vya kuchezea gemu, jioni natazama watu wakizitumia. Barua za safari hii karibu zote zimegusa gemu za kupigana, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha.

Dada Fundi, shikamoo. Niko kidato cha sita hapa Tabora. Nacheza Tekken 7 kwa pedi ya PS4. Kaka yangu ameagiza fimbo kutoka Dar es Salaam, ile kubwa yenye mpini wa duara na batani nane, na tangu aipate ananiambia kwamba mchezaji wa pedi hawezi kufika popote. Nina akiba niliyopata kwa kumsaidia mjomba kwenye tumbaku Urambo. Nitafute fimbo au nibaki na pedi? – Mwanafunzi, Isevya, Tabora

Marahaba, mdogo wangu. Mwangaluka. Baki na pedi, na hela ya tumbaku iache ilipo.

Mwaka 2014, kwenye EVO, mashindano makubwa ya gemu za kupigana kule Las Vegas, Mfaransa anayejulikana kwa jina la Luffy alichukua ubingwa wa Ultra Street Fighter IV akiwa na pedi ya PlayStation ya kwanza kabisa. Waliomzunguka wengi walishika fimbo. Mwambie kaka yako hilo kwanza, kisha mwendelee kuzungumza.

Fimbo ina heshima yake na asili yake. Gemu hizi zilizaliwa kwenye mashine za kusimama, zile za kutumbukiza sarafu. Street Fighter ya kwanza, ya mwaka 1987, mashine zake nyingine zilikuwa na vidude viwili vikubwa vya mpira: unavipiga kwa ngumi yako mwenyewe, ukipiga kwa nguvu na mpiganaji wako anapiga kwa nguvu. Vidude viliumiza mikono na kuharibika, zikaja batani sita na mpini. Street Fighter II ya 1991 ikaenda na mtindo huo, na watoto wa Japani na Marekani wakakua na mpini mkononi. Sisi huku tulikua na pedi. Tekken 3 tuliijua kwa kidole gumba. Mkono hujifunza kile ulichopewa mapema, na kuuhamisha ni kazi ya miezi.

Halafu angalia gemu unayocheza. Tekken ina batani nne za kushambulia, kila moja na kiungo chake: ngumi ya kushoto, ngumi ya kulia, teke la kushoto, teke la kulia. Pedi yako ina batani nne upande wa kulia. Haikutokea kwa bahati. Mashine ambayo Namco waliitumia kwa Tekken ya kwanza ilijengwa juu ya vifaa vya PlayStation, kwa hiyo gemu hiyo ilikuwa jamaa wa pedi tangu mwanzo. Ungeniambia unacheza Street Fighter yenye batani sita ningekujibu kwa tahadhari zaidi kidogo, maana pale kubonyeza batani mbili au tatu kwa pamoja kwa kidole gumba kunasumbua.

Kitu kimoja ambacho kaka yako atakuzidi, na ni vizuri ukijue, ni ile ngumi ya umeme ya wapiganaji wa ukoo wa Mishima ndani ya Tekken. Mbele, achia, chini, kisha chini-mbele pamoja na ngumi ya kulia, na hivyo viwili vya mwisho vitue ndani ya fremu ile ile moja. Fremu ni picha moja kati ya zile zinazofuatana kwenye kioo, na Tekken inakwenda fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo unazungumzia sehemu moja ya sitini ya sekunde. Mpini wa fimbo una springi inayourudisha katikati wenyewe, na hilo husaidia pale kwenye "achia". Kwenye pedi tumia mishale, usitumie analogi, kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba. Analogi ina safari ndefu, na ukiichosha kwa gemu za ngumi itaanza kutembea yenyewe. Mishale ukiizoea, ngumi ya umeme inatoka. Chomeka waya pia. Bluetooth kwenye chumba chenye simu ishirini si rafiki wa mtu anayehesabu fremu.

Kama moyo bado unawasha, jaribu kibodi ya kompyuta kabla hujagusa akiba. Mabingwa wengi sasa wanatumia visanduku visivyo na mpini kabisa, vyenye batani nne za kuelekea: kushoto, chini, kulia, juu. Kibodi ni kitu hicho hicho kwa bei ya chini. Ujue tu kwamba mwenye batani anaweza kubonyeza kushoto na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo mpini hauruhusu, na ndiyo maana kanuni za mashindano ya Capcom, wenye Street Fighter, zinataka zikibonyezwa hivyo mhusika asiende popote.

Mwombe kaka yako acheze kwa pedi yako na wewe ucheze kwa fimbo yake jioni nzima. Hapo ndipo mtajua kati ya fimbo na mwenye fimbo nani anashinda.

Dada, mimi nina kibanda Uvinza. Pedi zinakufa haraka mno. Batani zinagoma, hasa mraba na msalaba. Nikinunua mpya, miezi michache hali ni ile ile. Je, ni feki zote? – Mwenye kibanda, Uvinza

Kaka, si zote. Uvinza mna chumvi hewani na mikononi, na chumvi ikikutana na unyevu inakula shaba. Fungua pedi. Ndani ya zile za bei nafuu utakuta mpira wenye vidonge vyeusi. Futa vidonge hivyo na sehemu vinapogusa kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha zikauke, rudisha. Usioshe kwa sabuni. Kwenye pedi za PS3 na PS4 kuna pia karatasi laini ya nyaya inayobanwa na kisponji. Kisponji kikididimia, batani zinagoma kana kwamba zimekufa. Kata kipande kidogo cha sponji nyembamba ukiweke chini yake. Pedi nyingi zinazoletwa kwangu kama mbovu ugonjwa wake ni huo tu.

Na weka ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Hapa kwangu anayetoka kula migebuka ya kukaanga kwa mawese hashiki pedi kabla ya kunawa, awe mtoto au mtu mzima. Wateja walinung'unika mwanzoni. Sasa wanakumbushana wenyewe.

Dada Fundi, hujambo? Sisi ni ndugu wawili wa Kasulu, mmoja anasoma kompyuta chuoni Dodoma. Tunatengeneza gemu ya ngumi ya watu wawili hadi wanne, kwa Godot, programu ya kutengenezea gemu. Wapiganaji wanane, wote wa huku kwetu: mvuvi wa Kibirizi anayerusha wavu, mrina asali wa Tabora mwenye moshi na nyuki, mama wa mawese ambaye ni mnene, mzito, anachekesha na kumwaga mafuta watu wateleze, na wengine. Tuna maswali mawili. Tuitengenezee pedi, kibodi au simu? Na tuitangazeje? Rafiki yetu anasema tuitoe bure, tuuze wapiganaji wenye nguvu zaidi, na tumlipe msanii mmoja aiposti. Hela yetu ni kidogo. – Ndugu wawili, Kasulu

Mwakeye, wadogo zangu. Barua yenu nimeisoma kwa sauti kibandani na watu wakaacha kucheza. Wengi walimchagua mrina asali hata kabla hawajamwona. Hilo peke yake ni jibu la nusu ya swali la pili, lakini tuanze na la kwanza.

Msijiulize pedi gani ni bora. Jiulizeni mtu wa Kasulu, Ujiji, Kigoma au Tabora atakuwa ameshika nini. Nawaambia ninachokiona: pedi za USB za bei nafuu zenye umbo la pedi ya PS2, pedi za PS3 na PS4 zilizokwisha kutumika, kibodi za kompyuta kuukuu, na simu. Gemu yenu izikubali zote bila kumtesa mtu.

Hapo kwenye pedi za USB ndipo gemu nyingi zinaanguka. Kwenye Windows kuna mfumo wa XInput ambao Microsoft waliuleta kwa ajili ya pedi za Xbox 360, na gemu nyingi zinasikiliza huo tu. Pedi ya USB ya bei nafuu mara nyingi inazungumza mfumo wa zamani zaidi, DirectInput. Mtoto anachomeka, gemu haioni kitu, anasema pedi mbovu, analetewa Dada Fundi pedi nzima kabisa. Godot inakuja na orodha kubwa ya ramani za pedi, yaani batani ipi ni ipi kwenye kila pedi, inayotunzwa na watu wanaotumia SDL, programu inayosaidia gemu kusoma pedi, kwa hiyo mna mwanzo mzuri, ila msiitegemee peke yake. Wekeni ukurasa mmoja unaotokea pedi ngeni ikichomekwa: "bonyeza batani unayotaka iwe ngumi", "bonyeza unayotaka iwe teke", basi. Na popote kwenye gemu msiandike "bonyeza A". Pedi moja ina herufi, nyingine ina pembetatu na duara, nyingine ina namba 1, 2, 3, 4. Chora vidoti vinne kwa mpangilio wa batani, washa kile cha kubonyeza. Hata asiyejua kusoma ataelewa.

Batani ziwe nne za kushambulia, zisizidi. Kuna kisa cha kufundisha hapa. Street Fighter II ilipoingia majumbani mwaka 1992 ilikwenda kwenye Super Nintendo, ambayo pedi yake ilikuwa na batani nne usoni na mbili mabegani, jumla sita, kama mashine yenyewe. Iliuza nakala zaidi ya milioni 6. Pedi ya Sega ilikuwa na batani tatu tu. Sega walilazimika kuleta pedi mpya ya batani sita mwaka 1993, na mteja aliyetaka batani zote sita akalazimika kuinunua. Ninyi hamna uwezo wa kumuuzia mtu pedi mpya. Gemu yenu ndiyo iifuate pedi.

Nintendo nao walijifunza kumsikiliza mchezaji. Super Smash Bros. Melee ya 2001 iliwazoesha watu pedi ya GameCube, mashine yao ya wakati huo, na wengi wakakataa kuiacha. Mwaka 2014, na tena 2018, kampuni ilirudisha sokoni pedi hiyo ya mashine iliyokwisha kustaafu, pamoja na kifaa cha kuichomekea kwenye mashine mpya, kwa sababu wachezaji wa Smash waliitaka. Kampuni kubwa kiasi kile ilikubali kurudi nyuma kufuata mikono ya watu. Mimi naona hilo ni tangazo zuri kuliko bango lolote.

Kibodi: watu wawili kwenye kibodi moja wataipenda gemu yenu, lakini kibodi za bei nafuu hazisomi vitufe vingi vikibonyezwa kwa pamoja. Mmoja akishikilia viwili au vitatu, kipigo cha mwenzake kinaweza kupotea, na ugomvi unaanza. Jaribuni michanganyiko ya vitufe kwenye kibodi kuukuu kabisa mtakayoipata Kasulu, sio kwenye laptopu ya chuoni. Na watu wanne kwenye kibodi moja msiruhusu.

Simu iacheni mpaka baadaye. Najua kila mtu ana simu. Shadow Fight 2 imeonyesha kwamba watu wanapenda kupigana kwenye kioo, na nawaona hata kwenye foleni ya boti Kibirizi. Ila kioo hakina kitu cha kupapasa, kidole hakijui kimefika wapi, na watu wawili hawawezi kushika simu moja wakapigana kwa raha. Gemu yenu ni ya watu kukaa bega kwa bega. Toeni ya kompyuta kwanza, ya simu ifuate, na itakapokuja ikubali pedi ya Bluetooth na ya waya.

Kupigana kwa intaneti, amueni leo hata kama hamtaiweka mwaka huu. Njia ya zamani ni gemu kusubiri bonyezo la mwenzako lifike ndipo isogee, na bando likiyumba kila kitu kinakuwa kizito. Njia nyingine ni gemu kukisia mwenzako atafanya nini, na ikikuta imekosea inarudi nyuma fremu chache na kucheza upya haraka, jicho lisione. Mfumo wa namna hiyo unaoitwa GGPO uliandikwa na Tony Cannon, mmoja wa waanzilishi wa EVO, na tangu 2019 uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuutumia. Street Fighter 6 na Tekken 8 zinatumia kanuni hiyo hiyo ya kurudi nyuma. Ugumu wake ni kwamba huwezi kuipachika mwishoni. Hesabu za pambano ziende kwa fremu 60 zisizobadilika, zitoe jibu lile lile kwenye kila kompyuta, ziwe mbali na uchoraji wa picha, na ziweze kuhifadhiwa na kurudiwa. Anayesoma Dodoma alianze hilo wiki hii. Nasisitiza kwa sababu kulibadilisha baadaye ni kuandika gemu upya.

Jambo la mwisho la mikono: mfikirieni asiyejua. Mnamkumbuka Eddy Gordo wa Tekken 3, Mbrazili wa kapoera? Mtu aliyeingia kibandani siku ya kwanza alimchukua Eddy, akabonyeza mateke bila mpango, akashinda raundi, na kesho akarudi. Wakongwe walikasirika. Mwenye kibanda alipata mteja. Street Fighter 6 ya 2023 imelifanya hilo kwa adabu zaidi: kuna mtindo wa Modern ambapo batani moja na mshale vinatosha kutoa pigo maalumu, ila pigo lililotolewa kwa njia hiyo ya mkato linapungua nguvu kwa asilimia 20. Mgeni anafurahi, mkongwe hajadhulumiwa. Fanyeni kitu cha namna hiyo.

Sasa matangazo. Rafiki yenu nimemwelewa, anataka mle. Lakini kuuza mpiganaji mwenye nguvu zaidi, hapana. Nasema hapana kwa moyo wote. Kibandani anakaa mtoto wa muuza dagaa karibu na mtoto wa mfanyakazi wa benki, na kwa dakika mbili wanakuwa sawa, mwenye mkono mwepesi ndiye anayeshinda. Siku mkiweka ushindi dukani mtakuwa mmelivunja benchi hilo. Mavazi uzeni mkipenda, rangi uzeni. Nguvu hapana.

Na kutoa bure hakumaanishi kwamba watu watabaki. MultiVersus ya Warner Bros. ilikuwa bure, ikiwa na Batman na Bugs Bunny ndani yake, ikavuta watu kwa wingi mwaka 2022, na Mei 2025 ikafungwa. Kama Batman hakuweza kuwashikilia, msanii wenu wa siku moja hataweza.

Tangazo la kwanza la Street Fighter II lilikuwa mtu anayecheza na mwingine aliyesimama pembeni na sarafu mkononi akisubiri kumtoa. Sisi tunalijua hilo: mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwenzake. Lijengeni ndani ya gemu. Wekeni mtindo wa foleni, watu wanne waandike majina, gemu yenyewe iite nani anafuata na ionyeshe nani ameshikilia kiti kwa muda mrefu zaidi. Pambano liwe na muda maalumu ili zamu izunguke, maana mwenye kibanda anaishi kwa zamu. Na batani ya kusimamisha gemu ifungwe katikati ya raundi. Kwenye mashindano anayesimamisha gemu kwa makosa anaadhibiwa, na vibandani nimeona watu wakishikana mashati kwa hilo.

Kisha tengenezeni kionjo cha wapiganaji wawili tu, mrina asali na mvuvi. Capcom walitoa kionjo cha Street Fighter 6 Aprili 2023, gemu yenyewe ikatoka Juni 2, na Tekken 8 nayo ilipata kionjo Desemba kabla ya kutoka Januari 2024. Wakubwa wanampa mtu ashike kwanza, na ninyi fanyeni hivyo. Wekeni kionjo kwenye flashi, mpite nacho vibanda vya Kasulu mjini, Mwanga, Ujiji, mkapande treni mpaka Tabora. Mwenye kibanda achukue hela yote ya zamu. Ninyi kaeni nyuma na daftari. Andikeni batani gani mtu anabonyeza kwanza, anacheka wapi, anaacha pedi wapi. Mchezaji msimwelekeze kwa neno lolote. Mkijikuta mnataka kusema "hapana, bonyeza ile", hapo pana kitu cha kurekebisha.

Msiogope udogo wa mji. Mwaka 2019 kijana wa Lahore, Pakistan, Arslan Ash, alitwaa EVO ya Japani na EVO ya Las Vegas kwa Tekken 7, na dunia ikashangaa kijana huyo katoka wapi. Alinolewa na wenzake wa mtaani. Benchi lenye watu wakali linatosha.

Video ziwe fupi, za kusimama wima, zitoshe kwenye stetasi ya WhatsApp. Zionyeshe pambano lenyewe tangu sekunde ya kwanza, na pembeni mikono ya anayecheza ikionekana na pedi yake ya kawaida. Sipendi zile video za moshi na maandishi ya dhahabu zisizoonyesha hata ngumi moja. Mtu akiona pedi kama ya kwao anajua gemu hii ni yake. Watangazeni wapiganaji mmoja mmoja, kila mmoja kwa wiki yake, na mtangazaji wa pambano awe mtu wa Kigoma anayeongea Kiswahili cha Kigoma. Hela ya msanii nunueni pedi ziwe zawadi.

Damu ipunguzeni. Mortal Kombat ilipoingia majumbani Septemba 13, 1993, ya Sega ilikuwa na damu kwa namba ya siri na ya Nintendo ilibadilishwa damu ikawa jasho. Ya damu ikauza zaidi, na Desemba mwaka huo huo suala la gemu za vurugu likafika mbele ya Seneti ya Marekani. Kampuni zile zina mawakili. Kibanda cha mtaani mzazi mmoja akienda kwa mwenyekiti wa mtaa, mlango unafungwa.

Bei iwe moja, ndogo, ilipwe kwa pesa za simu, na kuwe na bei ya kibanda. Kabla ya kuzunguka na flashi, jina la biashara likasajiliwe BRELA na kazi yenu ikasajiliwe COSOTA, kwenye hakimiliki.

Na mama wa mawese. Mmeniandikia kwamba anachekesha. Nawaomba mbadilishe. Njooni sokoni siku ya gulio mtazame mwanamke anavyonyanyua dumu la lita ishirini kichwani bila kushikwa mkono. Huyo mpeni pigo zito kuliko wote kwenye gemu, la polepole, likikupata umekwisha. Kuteleza kwa mafuta kubaki, ni wazo zuri, lakini awe mtu wa kuogopwa. Mabinti wanaokuja kibandani kwangu wanatafuta wa kumchagua, na mara nyingi wanachokutana nacho ni msichana aliyevaa nusu nguo.

Dada, mwanangu ana miaka 14. Mkono wake wa kulia hauna nguvu tangu kuzaliwa, vidole havibani vizuri. Wenzake wanacheza gemu za kupigana, yeye anakaa anatazama. Anasema hachezi kwa sababu hapendi. Mimi najua anapenda. – Mama, Buzebazeba

Mama, shikamoo. Anapenda, na atacheza.

Zipo pedi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo: Xbox Adaptive Controller ya mwaka 2018 na Access ya PlayStation 5 ya mwaka 2023. Ni nzuri na ni ghali, na huku sijaziona zikiuzwa. Tusizisubiri. Kwanza, PS4 ina sehemu ya kubadilisha batani ndani ya mipangilio yake, upande wa ufikivu. Tunaweza kuhamishia mashambulizi mawili kwenye batani za bega la kushoto, ili mkono wa kushoto ufanye kazi kubwa. Pili, pedi isishikwe hewani. Tunailaza mezani juu ya kitambaa kisichoteleza, mkono wa kulia unabonyeza kwa uzito wake tu bila kubana. Tatu, tunaweza kutoa batani nje. Batani ya pedi ni njia mbili za shaba zinazosubiri kuunganishwa, kwa hiyo naweza kuchomelea nyaya mbili na kuzipeleka kwenye swichi kubwa ya mezani, au ya kukanyaga kwa mguu. Pedi ya USB ya bei nafuu inatosha kwa kazi hiyo. Yeye achague teke liwe mguuni au ngumi.

Mlete siku yoyote isipokuwa Jumamosi, siku hiyo kuna kelele mno na atatazamwa. Aje asubuhi kabla ya saa nne. Usinunue kitu chochote kwanza, nataka nione mkono wake unafika wapi na unachoka baada ya muda gani. Aje na rafiki mmoja anayecheza naye shuleni, maana swichi zikishafungwa tutahitaji mtu wa kupigana naye hapo hapo.